Karatasi za talaka California: nani azipeleke, kwa gharama gani, na nini kifanyike mahakama izikubali

Ukishafungua kesi ya talaka California, mahakama haimpelekei mwenzio karatasi. Kazi hiyo ni yako, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Kuna anayelipa dola 200 kwa kazi ambayo rafiki angeifanya bure. Kuna anayezipeleka kwa mkono wake mwenyewe, na mahakama inazikataa. Na kuna wale wanaofanya kila kitu sawasawa, ila fomu ya uthibitisho inabaki droo ya jikoni, na mwaka unakatika faili halijasogea.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeendesha kesi yake bila wakili. Kiwango nilichokitaja kwa uhakika ni kile kilichowekwa na sheria au mahakama. Bei za watu binafsi hupishana kati ya mji na mji, kwa hiyo hizo nimezitaja kama makadirio ya kukusaidia usipigwe bei.

Kanuni ninayokusihi uifuate tangu mwanzo ni hii: anza na njia isiyokugharimu kitu, na upande kwenye ya kulipia pale tu ile ya chini inaposhindikana. Njia ya bei kubwa haina nguvu zaidi kisheria. Jaji hataki kujua ulilipa kiasi gani. Anaangalia kama karatasi zilimfikia mhusika kwa njia inayokubalika, na kama kuna mtu aliyetia saini kuthibitisha hilo.

## Andaa hivi kabla ya kumtafuta mtu

Furushi la karatasi zenyewe. Nakala ya FL-100, yaani ombi la talaka, na FL-110, yaani samansi, zote zikiwa na muhuri wa mahakama. Kama mna watoto walio chini ya miaka 18, weka na FL-105, yaani tamko la mahali watoto walikoishi. Kisha ongeza FL-120 tupu, ambayo mwenzio ataitumia kujibu, pamoja na FL-105 tupu kama kuna watoto. Kaunti yako ikiwa na fomu zake za ziada, karani atakupa.

FL-115. Hii ndiyo fomu ya uthibitisho. Usiitie ndani ya furushi. Anabaki nayo anayepeleka.

Maelezo ya mhusika. Jina kamili kama lilivyo kwenye leseni, picha ya karibuni, anwani ya nyumbani yenye namba ya apatimenti, mahali pa kazi, zamu zake, aina na rangi ya gari. Kwenye nyumba zetu hili lina uzito wake. Mpelekaji akigonga mlango akauliza "Mohamed", wanaweza kutoka watatu. Na anayejulikana mtaani kote kwa jina la mtoto wake, jina la kwenye karatasi huenda hata jirani yake halijui.

Bahasha na stempu, na kama mahakama imekusamehe ada, nakala ya FW-003, yaani amri ya msamaha.

Fomu zote zinapatikana bure kwenye tovuti ya mahakama za California. Usimlipe mtu akuuzie fomu.

## Hatua ya 1: Kagua furushi karatasi kwa karatasi

Fungua kila fomu uangalie muhuri na namba ya kesi. Hakikisha samansi ina kurasa zake zote. Upande wa nyuma wa FL-110 una amri zinazowazuia nyote wawili kumtoa mtoto nje ya jimbo bila ridhaa ya maandishi ya mwenzake au ruhusa ya mahakama, kuuza au kuficha mali, na kubadilisha bima. Wewe zilikufunga siku uliyofungua kesi. Yeye zinamfunga siku anapopokea samansi. Kwa mwenye wasiwasi kuhusu watoto au nyumba, hiyo peke yake ni sababu ya kutochelewa.

Sababu ya pili ni kalenda. California haimalizi ndoa kabla ya miezi sita kupita, na miezi hiyo huanza kuhesabiwa siku mwenzio alipopokea karatasi au alipojitokeza kwenye kesi. Siku uliyofungua kesi haihesabiwi. Kila wiki unayokaa na furushi nyumbani unaisogeza mbele tarehe ya mwisho wewe mwenyewe.

Utajua umefaulu ukiweza kuorodhesha kwa maandishi kila fomu iliyomo. Orodha hiyo utaihitaji kwenye FL-115.

## Hatua ya 2: Jua nani anaruhusiwa kupeleka

Sheria ya California inataka mambo mawili tu: awe na umri wa miaka 18 au zaidi, na asiwe mhusika wa kesi. Wewe ni mhusika. Kwa hiyo huwezi, hata kama mnaishi nyumba moja na unaweza kumpa mezani wakati wa chakula.

Rafiki anaweza, na mfanyakazi mwenzio, jirani, dada yako au shemeji yako pia. Si lazima awe raia, na si lazima ajue sheria. Anachohitaji ni kuweza kusema ukweli kwenye fomu na kuweka saini yake.

Mtoto wenu aliyefikisha miaka 18 sheria haimkatazi. Mimi nakuomba usimtume. Kumkabidhi baba au mama yake karatasi za talaka ni mzigo ambao hakuna dola 50 zinazoulipia.

Onyo moja zito: kama kuna historia ya kupigwa au kutishiwa, usimtume rafiki wala ndugu. Nenda moja kwa moja kwa sherifu. Na kama umepata amri ya kumzuia mtu kwa sababu ya ukatili wa nyumbani, sherifu huipeleka amri hiyo bila malipo.

## Hatua ya 3: Zijue bei kabla hujafungua pochi

Hizi ndizo ngazi, kuanzia ya chini:

- Mwenzio akikubali kupokea kwa posta na kutia saini: gharama ya stempu.
- Rafiki au ndugu mtu mzima: bure, labda mafuta ya gari.
- Sherifu wa kaunti: kaunti nyingi ni karibu dola 50 kwa kila anayepelekewa. Kiwango cha siku hiyo kipo kwenye tovuti ya sherifu wa kaunti husika. Mwenye msamaha wa ada halipi.
- Mpelekaji wa kulipwa aliyesajiliwa: kazi ya kawaida, yenye anwani nzuri, mara nyingi ni kati ya dola 50 na 150. Ukitaka iende siku hiyo hiyo, bei hupanda, wakati mwingine mara mbili.
- Kumtafuta mtu asiyejulikana alipo, au kumvizia kwa saa: hulipwa kando, kwa kazi au kwa saa.
- Tangazo gazetini: mara nyingi mamia ya dola, na lazima jaji aidhinishe kwanza.

Ada ya kufungua kesi yenyewe ni dola 435 hadi 450, kutegemea kaunti. Ukiona ni mzigo usioubeba, jaza FW-001 kuomba msamaha. Wanaopokea Medi-Cal (bima ya afya ya jimbo), CalFresh (msaada wa chakula) au SSI (posho ya serikali kwa wazee na walemavu), na wenye kipato kidogo, wana haki ya kuomba. Msamaha ukikubaliwa unagusa na ada ya sherifu, jambo ambalo watu hawaambiwi dirishani. Haumlipi mpelekaji binafsi.

## Hatua ya 4: Jaribu ridhaa kwanza

Kama mnazungumza bila ugomvi, tumia FL-117. Ni fomu ambayo mwenzio anakiri kwa saini yake kwamba amepokea karatasi.

Mtu mzima asiye wewe atume kwa posta furushi lote, pamoja na FL-117 mbili na bahasha ya kurudishia yenye stempu na anwani yako. Mwenzio ana siku 20 za kuweka saini na kuirudisha. Akisaini, tarehe aliyosaini ndiyo inayohesabiwa kuwa amepokea. Aliyetuma atajaza FL-115, na FL-117 yenye saini itaambatanishwa nayo.

Mweleze mapema, kwa sauti ya kawaida, kwamba kusaini si kukubali talaka wala masharti yoyote. Anakiri tu kwamba bahasha imefika. Wengi hukataa kwa kudhani wanatia saini hukumu. Mwambie pia kwamba asiposaini huenda akatakiwa kulipa gharama ya kumpelekea kwa njia nyingine.

Onyo: bila saini yake, kutuma kwa posta hakuhesabiki kuwa amepelekewa, hata ukiwa na risiti ya posta mkononi. Siku 20 zikipita bila jibu, panda ngazi inayofuata. Usitume tena ukitumaini.

## Hatua ya 5: Mtume rafiki, lakini mfundishe kwanza

Rafiki hufeli kwa sababu hakuambiwa la kufanya. Mpe maelekezo haya:

Amkabidhi mhusika mwenyewe, ana kwa ana. Amwite jina lake, athibitishe ndiye, kisha aseme, "Hizi ni karatasi za mahakama." Inatosha. Asijadiliane, asipatanishe, wala asibebe ujumbe wa upande wowote.

Mhusika halazimiki kusaini chochote. Akikataa kuzishika, rafiki aziweke karibu naye, miguuni au juu ya meza, amwambie ni nini, kisha aondoke. Hilo linahesabika. Sheria inataka apelekewe, haitaki akubali.

Papo hapo, kabla hajawasha gari, aandike tarehe, saa na anwani kamili ya mahali alipomkabidhi. Sehemu yenyewe yaweza kuwa popote: kazini, kwenye maegesho, nje ya duka. Mimi ningemwomba akwepe msikiti, kanisa na misiba. Heshima ikivunjwa hapo, makubaliano ya baadaye kuhusu watoto yanakuwa magumu zaidi.

Hesabu ya zamu: watu wetu wengi wanafanya kazi za usiku, kwenye nyumba za wazee, maghala na teksi. Saa nne asubuhi mtu amelala, saa moja jioni ameshatoka. Panga muda kwa kufuata zamu yake.

Utajua umefaulu rafiki akirudi bila furushi, akiwa na tarehe, saa na anwani kwenye karatasi.

## Hatua ya 6: Sherifu

Peleka furushi kwenye ofisi ya sherifu ya kaunti anakoishi mwenzio. Kaunti yako mwenyewe haihusiki kama ninyi mko kaunti tofauti. Jaza SER-001, fomu ya kumwomba sherifu apeleke karatasi, na ulipe ada au utoe FW-003.

Faida yake ni bei na usalama. Upungufu wake ni kwamba mara nyingi maofisa huenda saa za kazi, siku za kazi, na wana mafaili mengi. Hawatamvizia mtu. Wakishindwa, watakurudishia karatasi zikiwa na maelezo ya majaribio yao. Tunza maelezo hayo. Yatakusaidia kumwonyesha jaji kwamba ulijitahidi.

## Hatua ya 7: Mpelekaji wa kulipwa

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo nenda taratibu.

Kwanza jiulize kama unamhitaji kweli. Sababu nzuri za kumlipa ni nne. Mwenzio anakwepa. Hakuna mtu mzima uliye naye karibu na anakoishi. Anaishi ndani ya geti lenye mlinzi. Au muda unakubana na sherifu ana foleni.

Hilo la geti lina msingi wa kisheria. California inamlazimu mlinzi kumruhusu kuingia ofisa wa sherifu, au mpelekaji aliyesajiliwa akionyesha kitambulisho na usajili wake na kumtaja anayemtafuta. Rafiki yako hana haki hiyo. Mlinzi akimrudisha, amerudishwa.

Usajili. Anayepeleka karatasi kwa malipo zaidi ya mara 10 kwa mwaka lazima asajiliwe kwenye kaunti, aweke dhamana ya dola 2,000, na awe na kitambulisho cha kaunti. Mwombe namba yake ya usajili na jina la kaunti kabla hujalipa. Hizo hizo ndizo atakazoziandika kwenye FL-115. Akianza kuzungushazunguka, achana naye. Anayetangaza huduma hiyo kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, bila namba, hakupi chochote ambacho binamu yako hawezi kukupa bure.

Maswali ya kumuuliza kabla ya kulipa. Mtumie kwa maandishi, naye ajibu kwa maandishi:

1. Bei hii ina majaribio mangapi? Matatu ni ya kawaida. Bei ya chini ambayo ina jaribio moja tu si bei ya chini.
2. Majaribio yatakuwa saa tofauti na siku tofauti, ikiwemo jioni au wikendi moja? Jibu la hapana litakuumiza kwenye hatua ya 8.
3. La kwanza litafanyika ndani ya siku ngapi?
4. Akikuta amehama, anwani ya pili ni bei gani?
5. Akimwachia mtu mwingine wa nyumbani, kutuma nakala kwa posta kumo kwenye bei?
6. FL-115 iliyojazwa na kusainiwa imo kwenye bei, au kuna nyongeza? Na atatumia FL-115 hasa? Baadhi hujaza POS-010, fomu ya kesi za madai ya kawaida, na unabaki kubishana na karani.
7. Kama atashindwa, nitapata tamko la maandishi la kila jaribio, lenye tarehe na saa?

Swali la saba ni la lazima. Aliyeshindwa lakini akakupa tamko zuri amekupa kitu cha kumpelekea jaji. Aliyeshindwa akakwambia kwa simu "hayupo" amekula pesa yako.

Mfano wa hesabu. Tuseme mpelekaji wa kwanza anadai dola 75, jaribio moja, nyongeza ya dola 30 kwa kila jaribio na dola 20 kwa fomu. Wa pili anadai dola 110, majaribio matatu, fomu na posta vikiwemo. Mwenzio akipatikana mara ya tatu, wa kwanza amekugharimu dola 155. Linganisha jumla ya majaribio matatu daima, usilinganishe namba ya kwanza unayoonyeshwa.

Onyo kuhusu udanganyifu. Wapo wanaotia saini kwamba wamepeleka ilhali hawakutoka hata ofisini. Jiji la New York limelazimika kuwataka wapelekaji wenye leseni watunze kumbukumbu za GPS kwa sababu hiyo. Mwombe wako picha ya eneo yenye saa, au kumbukumbu ya GPS. Ukiona maelezo ya mwili wa aliyepokea hayafanani kabisa na mwenzio, usiiwasilishe hiyo fomu. Mwenzio akithibitisha kwamba hakupokea, hukumu yako inaweza kutenguliwa, na utarudi mwanzo ukiwa umepoteza muda na pesa.

## Hatua ya 8: Asipopatikana, aachiwe mtu wa nyumbani

Baada ya majaribio ya kweli, kwa kawaida mawili au matatu ya saa tofauti, sheria inaruhusu karatasi ziachwe nyumbani kwake kwa mtu mzima anayeishi hapo, au kazini kwake kwa mtu anayeonekana kuwa na dhamana ya ofisi. Mpokeaji awe na miaka 18 au zaidi, na aelezwe kwamba ni karatasi za mahakama.

Kisha nakala nyingine itumwe kwa posta ya kawaida ya daraja la kwanza kwenye anwani hiyo hiyo. Watu huisahau sehemu hii. Bila posta, kazi haijakamilika.

Upelekaji wa namna hii huhesabiwa kukamilika siku ya kumi baada ya kutuma posta. Andika tarehe hiyo.

Aliyepeleka aeleze kwa maandishi kila jaribio: siku, saa, na alichokikuta. "Nilienda mara nyingi" halitoshi. "Jumanne saa 1 jioni, taa zinawaka, hakuna aliyefungua" ndilo linalotakiwa.

Onyo: kubandika mlangoni, kuweka kwenye sanduku la barua, kumpa mtoto, au kutuma picha WhatsApp hakukubaliki.

## Hatua ya 9: Jaza FL-115 bila kosa

Kesi nyingi hukwama kwenye ukurasa huu. Pitia moja moja:

- Jina na namba ya kesi vifanane herufi kwa herufi na FL-100. Kama kwenye FL-100 uliandika Mwanaisha, hapa usiandike Mwana Aisha.
- Orodha ya karatasi. Weka alama kwenye kila fomu iliyokuwemo. Ukisahau kuweka alama kwenye FL-105 tupu, kwa mahakama haikupelekwa.
- Namna ya kupeleka. Mkononi, kwa mtu wa nyumbani, au kwa FL-117. Chagua moja, jaza sehemu yake tu.
- Tarehe, saa na anwani pale ilipotokea kweli. Anwani ya nyumbani kwake haina kazi hapa kama alipokelea kazini.
- Maelezo ya mpelekaji: jina, anwani, simu, ada aliyolipwa. Rafiki aandike sifuri. Aliyesajiliwa aandike namba na kaunti.
- Saini ni ya aliyepeleka. Wewe unaweza kumsaidia kujaza, lakini ukitia saini wewe, fomu imekufa.

Tuliozoea mihuri ya hakimu, mwanasheria au serikali ya mtaa hutafuta mthibitishaji. Hapa hahitajiki. Mpelekaji anasaini kwa kiapo, akijua kusema uongo ni kosa la jinai, na hiyo inatosha. Usilipie muhuri usioombwa.

Kabla ya kwenda kwa karani, pita kwenye kituo cha msaada cha mahakama, mlango ulioandikwa Self-Help Center. Huduma ni ya bure, na wataikagua fomu yako. Ukihitaji mkalimani wa Kiswahili siku ya kusikilizwa, jaza INT-300. Hutozwi.

## Hatua ya 10: Wasilisha, kisha hesabu

Piga nakala mbili za FL-115, peleka pamoja na ile halisi kwa karani. Anachukua halisi, anakurudishia nakala zenye muhuri. Hakuna ada.

Mwenzio ana siku 30 za kujibu. Kama alikabidhiwa mkononi, hesabu kuanzia siku iliyofuata. Kama aliachiwa mtu wa nyumbani, anza baada ya zile siku kumi za posta. Siku 30 zikiisha bila jibu, unaweza kuomba kuendelea bila yeye kwa FL-165. Karani ataangalia FL-115 kwanza.

Utajua umefaulu ukiwa na nakala yenye muhuri na tarehe mbili kwenye kalenda: mwisho wa siku 30, na mwisho wa miezi sita.

## Akiwa amepotea kabisa

Jaji anaweza kuruhusu tangazo gazetini, lakini hatafanya hivyo kwa neno lako tu. Onyesha umemtafuta: ndugu zake, kazi ya mwisho, anwani za zamani, mitandao ya kijamii, daftari la wafungwa la kaunti. Andika tarehe ya kila jaribio.

Ombi lake ni FL-980. Likikubaliwa, tangazo hutoka mara moja kwa wiki kwa wiki nne mfululizo. Ulizia bei magazeti kadhaa yaliyoidhinishwa katika kaunti, maana hupishana sana kwa tangazo lile lile. Mwenye msamaha wa ada aombe ruhusa ya kubandika tangazo mahakamani badala ya gazetini. Ruhusa hiyo huombwa kwa fomu hiyo hiyo.

## Kama kesi si ya talaka, au jimbo si California

Kwenye madai madogo ya California, kwa mfano mwenye nyumba aliyekatalia amana yako, karani anaweza kutuma kwa certified mail, yaani barua ambayo mpokeaji huisainia, kwa dola 15 kwa kila mdaiwa. Nafuu, lakini inafaa tu mdaiwa akisaini mwenyewe, na wengi hawasaini. Kumkabidhi mkononi lazima kufanyike angalau siku 15 kabla ya kesi kusikilizwa akiwa kaunti hiyo hiyo, au siku 20 akiwa kaunti nyingine. Fomu ya uthibitisho ni SC-104. Tunza risiti, maana ukishinda unaweza kumwomba jaji akurudishie gharama ya kupeleka.

Florida rafiki haruhusiwi kupeleka samansi. Ni sherifu, kwa dola 40 kila samansi, au mpelekaji aliyeidhinishwa. Texas nayo inataka sherifu, konstebo, aliyeidhinishwa, au amri ya jaji. New York usipeleke Jumapili. Usichukue ushauri wa ndugu aliyeko Houston ukautumia Sacramento.

## Akiwa Tanzania, Kenya au Congo

Kwanza uliza kituo cha msaada cha mahakama kama nchi hiyo ni mwanachama wa Mkataba wa Hague wa mwaka 1965 kuhusu kupeleka nyaraka za mahakama nje ya nchi. Orodha ya wanachama iko wazi kwenye tovuti ya mkataba wenyewe, na huongezeka, kwa hiyo iangalie wiki hiyo hiyo unayotuma. Kama ni mwanachama, lazima ufuate njia za mkataba, ambazo kwa kawaida hupitia ofisi ya serikali iliyoteuliwa huko.

Kama si mwanachama, njia za California zinabaki wazi. Mtu mzima aliyeko Mwanza au Mombasa anaweza kumkabidhi mkononi, akajaza FL-115 na kuisaini. Fomu ina maneno ya kiapo chini ya sheria za California, kwa hiyo asiyakate wala kuyabadilisha. Mtumie fomu na maelekezo ya hatua ya 5 kwa Kiswahili, umpigie simu mkiwa mmeishika fomu wote wawili, na airudishe ile halisi kwa kampuni ya vifurushi yenye namba ya kufuatilia. Nauli ya mjumbe na gharama ya kifurushi ndizo zitakazokutoka. Kabla hajafunga bahasha, akupigie picha ya kila ukurasa ili kosa lolote lirekebishwe akiwa bado na kalamu mkononi.